Kilio cha Chiriku

Kasri la Hohenbirk, 4 Septemba 1766

Dada Regina,

Nakuandikia nikiwa na wino vidoleni na kichwa kitupu kama mtungi uliotoboka. Jana baada ya chakula Mtawala aliniita mbele ya wageni. "Hasselbrink, hicho ulichopiga nimewahi kukisikia."

Nikasema, "Haiwezekani, Mtukufu, nimekitunga Jumanne."

Akasema, "Basi nilikisikia kabla hujakitunga."

Meza nzima ikacheka, nami nikacheka nao, maana ndiyo kazi. Na mzee hakukosea. Vile vipande vyako sita vya mwaka jana nimevimaliza (kila mtu hapa anajua ni vyangu, kama tulivyokubaliana), na nikikaa kutunga mwenyewe, mikono inakwenda kulekule alikotupeleka marehemu baba. Mlima: sema neno, kisha lirudie ngazi moja juu. Kisima: sema neno, kisha lirudie ngazi moja chini. Daraja: simama kwenye noti ya tano ya besi, ile sauti nzito ya chini, wafanye watu wangoje, halafu vuka urudi nyumbani. Mlima, kisima, daraja, nyumbani. Kila siku nawatembeza watu wale wale kwenye bustani ile ile, na sasa wamechoka miguu.

Sasa umetufikia mtindo mpya kutoka kaskazini, mtindo wa hisia. Muziki usiende sawasawa kama saa ya ukutani. Ukatike, unyamaze, ushtuke, ulie. Bibi Mtukufu aliusikia safarini, na tangu arudi hataki kitu kisichomtoa machozi. Tarehe 8 Novemba ni siku yake ya kuzaliwa. Dada, wewe una vidole vinavyojua kulia, tangu utotoni baba alikuwa akisema hivyo. Nitungie kimoja. Kimoja tu.

Mbusu Lenchen kwa niaba ya mjomba wake. Mwambie Krismasi nitamletea nguruwe wa lozi na sukari, mkubwa kuliko kichwa chake.

Mdogo wako,
Ludolf


Erlengrund, 19 Septemba 1766

Ludolf mdogo wangu,

Barua yako Matthias ameisoma kwa sauti, na mume wangu huyu, asiyecheka ila kwa idhini ya Mchungaji, alicheka pale pa Jumanne. Lenchen akauliza, "Mjomba anapigwa huko?" Nikamwambia, "Hapana, anapiga yeye." Akasema, "Basi kwa nini analalamika?" Nakuachia wewe umjibu. Ana miaka mitano na maswali ya hakimu.

Siku hizi amepata mchezo. Nikikaa kwenye kinanda changu cha mezani, anaingia chini yake na kubana sikio kwenye mguu wa meza. Anasema humo ndani kuna sauti kubwa kuliko ya juu. Pengine ni kweli. Wewe umezoea kile kinanda chako kikubwa kinachodonoa nyuzi mpaka ukumbini wasikie. Hiki changu hata paka haamki. Lakini hiki nikikibonyeza na kutetemesha kidole, noti nayo inatetemeka, na hicho chako hakiliwezi.

Nakutumia minueti moja, ngoma ndogo ya kuchezea. Kilio sina. Na nikuambie ukweli, mtindo huo siupendi. Baba alitufundisha njia zile kwa sababu mtu aliyepotea anahitaji kujua barabara iko wapi. Sasa ninyi mnawaangusha watu katikati ya barabara kwa makusudi, ili waone raha ya kushtuka. Mtu anayelia kwa kuwa amepanga kulia, mimi humwachia leso na kuondoka.

Huku tumeingiliwa na ugonjwa wa kuhara damu. Umeanzia nyumba za bondeni, karibu na kinu. Watu wanalaumu plamu mbichi. Matthias na wanafunzi wake wameimba mazishi matano tangu Jumapili, na sauti imemkauka. Lenchen nimemkataza kutoka nje ya ua.

Dada yako,
Regina


Hohenbirk, 3 Oktoba 1766

Dada yangu mkaidi,

Minueti ni nzuri na safi mno. Nimempigia msimamizi wa sherehe, akasema, "Hii inafaa kuamshia watoto." Nakuomba kwa heshima zote za kaburi la baba: niletee kilio! Usinipe hotuba kuhusu barabara. Hapa watu wamekaa barabarani maisha yao yote, ndiyo maana wanatamani kuanguka shimoni.

Sikiliza wanavyotaka. Besi ishuke, nusu ngazi nusu ngazi, kama mtu anayeteremka kisimani. Juu yake sauti moja tu, isiyo na haraka. Halafu kimya pasipotarajiwa. Halafu noti moja itetemeke. Wewe utavifanya hivyo huku unakoroga mchuzi.

Nina siku thelathini na sita. Mtawala amekwisha waambia wageni kwamba nina "jambo jipya". Ukiniacha hivi, watanicheka mpaka Pasaka.

Yule hakimu wako mdogo mwambie: mjomba analalamika kwa sababu anapiga na hakuna anayesikiliza.

Ludolf


Erlengrund, 20 Oktoba 1766

Ludolf,

Hiki hapa ulichoomba. Usikiguse. Kipige kwenye kinanda cha mezani, si kile kikubwa. Kinaishia pale kinapoishia.

Matthias anakusalimu.

Regina


Hohenbirk, 12 Novemba 1766

Dada Regina, malkia wa vinanda vyote!

Kaa kitako kabla hujasoma. Weka mwiko chini.

Nilipofungua karatasi yako nilidhani umeishiwa wino. Besi inashuka vizuri, mlima upo, kisima kipo, kisha tunafika darajani na... basi. Hakuna nyumbani! Marehemu baba angekuchapa kwa kijiti cha noti. Nikasema dada ana kazi nyingi, hajamaliza, nami siku zangu zimeisha. Basi nikakuvusha mwenyewe. Nimeongeza kisima kingine kidogo, nikashuka nyumbani kwa mapigo manne, na mwisho nikaugeuza uwe wa furaha, kama jua linavyotoka baada ya mvua. Halafu, ili watu wasiende kulala na huzuni, nikafuatisha minueti yako ile. Havikujuana, lakini vilicheza pamoja vizuri sana. Na nilitumia kinanda kikubwa. Ukumbi una watu themanini, Regina. Kile cha mezani wangedhani nakuna ubao.

Wamelia! Kwenye ile mikatiko yako, pale unaponyamaza ghafla, nilisikia mtu akivuta pumzi. Bibi Mtukufu alishika mkono wa mumewe. Nilipomaliza akauliza mbele ya wote, "Hasselbrink, maskini wewe, umefiwa na nani?"

Ningesema nini? Na unajua mdomo wangu. Nikasema, "Chiriku wangu wa manjano, Bibi Mtukufu. Amefia kizimbani Jumatatu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, dada, watu wanacheka na machozi bado yako mashavuni! Bibi Mtukufu alicheka mpaka akashika mbavu. Wameniomba nirudie mara tatu. Sasa kinaitwa Kilio cha Chiriku, na Mtawala mwenyewe ameagiza kichongwe kwenye mabamba ya shaba na kuchapwa, na jina la Bibi Mtukufu mbele. Na jina langu, naam, lakini mimi na wewe tunajua.

Wanataka kingine Januari. Mke wa jemadari ana mbwa mzee. Unaonaje?

Nguruwe wa Lenchen nimekwisha mwagiza. Mpishi ameuliza, "Mkia uwe mrefu?" Nikasema mrefu sana.

Mdogo wako mwenye bahati,
Ludolf


Erlengrund, 1 Desemba 1766

Shemeji Ludolf,

Anayekuandikia ni Matthias Rohleder, kwa kuwa mke wangu haandiki.

Magdalena wetu, huyo Lenchen, alifariki tarehe 14 Oktoba, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri. Aliugua siku kumi na moja. Alizikwa Alhamisi. Katika shule yangu wamekufa watoto kumi na watatu, na yeye ambaye hakuwa ameanza shule bado ni wa kumi na nne.

Nilidhani umekwisha jua. Mimi ndiye niliyepeleka barua ya Regina kwa tarishi, nami niliamini ilikuwa na habari hiyo. Sikuwa na sababu ya kuisoma. Kutojibu kwako kwa wiki tatu nilikuchukulia kwamba umeshindwa maneno, na kwa hilo nilikuheshimu.

Barua yako ilipofika Regina alikuwa akikata kabichi ya kutia chumvi. Alijifuta mikono, akaisoma kwa sauti, kama tunavyofanya siku zote na barua zako. Aliisoma yote. Alipofika kwenye chiriku hakusita; alisoma mpaka nguruwe na mkia. Kisha akaikunja, akaiweka juu ya jiko, akarudi kwenye kabichi. Nilimwita jina lake. Akaniambia, "Matthias, nipe chumvi."

Tangu siku hiyo hajafungua kinanda.

Mimi ni mwalimu wa kijijini, sielewi mambo ya kasri. Nimejiuliza usiku na mchana kama nikulaumu, na sijapata jibu. Hukujua. Lakini uliombwa usiguse, ukagusa.

Nakuomba usimwandikie kwa sasa. Na huyo nguruwe, tafadhali, usimlete.

M. Rohleder


Hohenbirk, 7 Desemba 1766

Dada,

Matthias amenikataza kuandika. Nimevumilia saa moja.

Nimechana karatasi nne. Katika ya kwanza nilikuuliza kwa nini hukuniambia, nikaona aibu. Katika ya pili nilijitetea. Ya tatu na ya nne sikumbuki.

Mtu wa kuchonga ameanza kazi huko Leipzig. Nimemwandikia asimamishe, lakini najua atajibu kwamba hapokei amri kutoka kwa mpiga kinanda, ila kutoka kwa aliyeagiza. Na aliyeagiza ni Mtawala. Nitamwambiaje? Nianzie wapi? Kila siku mtu ananikuta kwenye ngazi na kulia kama ndege, "twii, twii," na kunipiga begani. Jana kijakazi alinipa kibuyu chenye mtama. Nilikipokea. Nikasema asante.

Niambie unataka nifanye nini nami nitafanya. Chochote.

Ludolf


Mji wa chini wa Hohenbirk, nyumba ya wageni, 20 Januari 1767

Dada Regina,

Hukujibu, nami nimejiamulia. Nakueleza ilivyokuwa, usije ukasikia kwa wengine.

Siku ya Mamajusi, tarehe 6 Januari, kulikuwa na karamu. Bibi Mtukufu akasema, "Leo tumkumbuke chiriku." Nikawaomba watumishi walete kinanda cha mezani kutoka chumbani kwangu. Wageni wakanong'ona; walidhani ni mzaha mwingine. Nikasimama, nikasema hivi, neno kwa neno, maana nilikuwa nimeyakariri: "Kipande hiki sikukitunga mimi. Amekitunga dada yangu, Regina Rohleder, mke wa mwalimu wa Erlengrund. Hapakuwa na chiriku. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitano, jina lake Magdalena, na amekufa kwa kuhara damu. Nitakipiga kama alivyokiandika."

Nikapiga. Ukumbi mzima waliinama mbele ili wasikie. Mtu alikohoa, na kikohozi kikafunika mapigo mawili. Pembeni msichana mmoja alianza kucheka, nadhani kwa woga, mama yake akamfinya. Nilifika darajani, nikaondoa mikono.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Mtukufu alikuwa amejifunika uso kwa upepeo, na mabega yake hayakutikisika. Kisha akaondoka bila kuniangalia.

Mtawala aliniita asubuhi yake. Hakupandisha sauti. Akasema, "Ulimfanya mke wangu acheke msibani bila kumwambia kuna msiba. Halafu ukamwambia mbele ya watu themanini. Lipi kati ya hayo ulidhani nitakusamehe?"

Nikasema, "Hakuna, Mtukufu."

Akasema, "Angalau hapo huna kosa." Jioni nilikuwa nimeshatoa sanduku langu nje.

Kuhusu uchapaji nimeshindwa. Nakala mia mbili zilikuwa zimekwisha sambaa kabla ya Mwaka Mpya. Zina kile kisima changu, na mwisho wangu wa furaha, na minueti nyuma yake. Kimekwenda, dada. Hakirudi.

Sina kazi, na sijutii hilo. Nilitaka ujue kwamba nimesema ukweli. Niruhusu nije.

Ludolf


Erlengrund, 8 Februari 1767

Ludolf,

Umeomba nikuruhusu. Kwanza nisikilize.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Nilikaa na kalamu, nikaandika "Lenchen", na neno lililofuata mkono ulikataa. Nilidhani nikiliandika litakuwa kweli hata huko uliko, na mahali palipobaki ambapo bado alikuwa hai ni kichwani mwako, na nguruwe wako wa sukari. Basi nikakutumia karatasi ile. Nilidhani utakaa kwenye kinanda, utaifuata kwa vidole, na utajua. Tumefundishwa na mtu mmoja, kwenye benchi moja. Nilidhani utasikia. Hilo ni kosa langu, nalibeba mimi.

Sasa nikuambie ulichopiga ni nini, maana hata huko ukumbini hukujua.

Sikukitunga. Siku ile kitanda chake tulikuwa tumekisogeza karibu na kinanda, kwa kuwa hakuweza tena kukaa chini ya meza. Tangu Jumapili maji hayakukaa tumboni. Akasema, "Mama, piga."

"Nipige nini?"

"Chochote. Ila usiache."

Nikapiga vile vya baba, kwa sababu mikono haikuwa na vingine. Besi ikashuka. Mlima. Kisima. Vitu vinavyojulikana na kila mtoto aliyefundishwa miezi sita; hakuna hata kimoja changu. Ile mikatiko iliyowavuta pumzi mabibi wako ni pale nilipogeuka kumtazama. Kila mmoja. Ile noti inayotetemeka hakuna mtindo wowote ndani yake. Ni mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Nikafika darajani, nikageuka tena, nikaona hasikii. Aliniambia nisiache, nami niliacha.

Siku chache baadaye niliandika kila kitu kama kilivyotoka, na urefu wa kila kimya, kwa kuwa niliogopa nitasahau. Ndiyo karatasi uliyonayo.

Mzaha wa chiriku niliuweza. Hukujua, mdomo wako haujawahi kukaa kimya tangu uote meno, nami nimekulea pamoja na mdomo huo. Kilichoniumiza zaidi ni Januari. Ulisimama mbele ya watu wenye vijiko mikononi ukamtaja jina, umri na ugonjwa. Nani alikutuma? Uliniandikia utafanya chochote nikitakacho, kisha hukungoja nikuambie. Nilikuwa nimetaka kitu kimoja, kwamba asizungumzwe pale. Ulitaka kutua mzigo wako, ukautua juu yake. Unaita hiyo kusema ukweli. Ulikuwa ukweli, ndiyo. Haukuwa wako.

Na kimefika huku. Alhamisi iliyopita binti wa Mchungaji, Sabina, alikuja na karatasi za Leipzig chini ya kwapa, mashavu mekundu kwa baridi. Shangazi yake amemnunulia zawadi. Akasema, "Mama Rohleder, nisaidie ukurasa wa pili, vidole vinagongana." Juu kulikuwa na picha ya kizimba kilicho wazi.

Matthias aliinuka ili amtoe nje. Nikamwambia akae.

Nikafungua kinanda. Kilikuwa kimepoteza sauti, nikakikaza nyuzi yeye akingoja. Kisha nikamfundisha. Nilimwonyesha ni kidole kipi kipite chini ya kipi, na asikimbilie pale besi inaposhuka. Kwenye mikatiko alikuwa hasubiri, nikamshika mkono kila mara nikamwambia, "Bado. Bado. Sasa." Tulikaa mpaka giza likaanza kuingia. Mwisho wako wa furaha aliupenda kuliko vyote, na akaupiga vizuri. Nikamwacha aupige.

Akikusanya karatasi zake akaniuliza, "Mama Rohleder, wewe umewahi kufuga chiriku?"

Nikasema, "Hapana, mwanangu."

Baada ya kuondoka Matthias alilia, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Mimi nilipika.

Sauti yake haijarudi vizuri. Watoto waliobaki shuleni ni ishirini na wawili, na hakuna wa kuwaimbisha; kinanda cha kanisani kimefungwa tangu Krismasi, kwa sababu mimi sitapanda kule juu kukipiga na yeye hawezi kazi mbili. Mchungaji amekubali upige wewe. Njoo kabla theluji haijayeyuka, maana baada ya hapo njia ya bondeni haipitiki kwa mkokoteni. Usiniletee kitu. Usiniombe kipande kingine, na jina lake usilitaje mpaka mimi nianze.

Sijakusamehe, Ludolf, wala sijui kama nitaweza. Kitanda nimekutandikia.

Regina